Mkono wa Kushoto wa Askofu

Kwetu ukimpa mtu mzima kikombe cha maji kwa mkono wa kushoto, hatakipokea. Atakutazama usoni, kisha atakuuliza kama wazazi wako bado wako hai. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza ya kazi katika lile kanisa la kale, nyuma ya soko la nyama la Smithfield, London, nilipokuwa napiga deki nikainua macho na kumwona askofu ukutani amenyanyua mkono wa kushoto kubariki watu, nilishika kiuno nikamuuliza kwa sauti: mzee, wewe hukufundishwa? Hakukuwa na wa kunisikia. Asubuhi kanisa lile lina baridi na harufu ya nta, basi.

Ni picha ya rangi, imepata weusi kwa uzee. Uso mwembamba, ndevu nyeupe, na macho ya mtu anayesikiliza hatua nje ya mlango. Mkono wa kulia hauonekani kabisa, ameuficha ndani ya joho. Wa kushoto ndio uko juu, vidole viwili vimenyooka, kama vile hakuna ubaya wowote. Kazi yangu ilikuwa kuifuta vumbi fremu yake, na kila nikiifuta nilikuwa namsengenya kimoyomoyo.

Jumapili ile nilimsimulia baba, naye akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa na haki ya kucheka kwa sababu yeye mwenyewe ni askofu. Msidhani ni askofu wa kofia ndefu na fimbo ya dhahabu. Kanisa lake ni la mbao na mabati, katika mji wetu kando ya ziwa, mashariki mwa Kongo. Ana suti moja nyeusi na pikipiki inayowaka siku ikipenda. Alinilea katika kambi ya wakimbizi Tanzania, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo, na mama tulimzika huko huko kambini. Baadaye mimi nikaja Uingereza, yeye akarudi kwa waumini wake, na tangu hapo tunaishi kwa simu.

Kila Jumapili, baada ya ibada kwao na ibada kwetu hapa Barking, pembeni mwa London tunakoishi, anapiga simu ya video na mwishoni anatubariki. Ananyanyua mkono wa kulia, anausogeza mpaka kiganja kinajaa kioo kizima, na sisi tunainama mpaka vipaji vya nyuso vinagusa simu. Ukipita dirishani ukatuona, mimi na binti yangu na mume wangu siku ambazo haendeshi basi, tumeinamia simu mezani kama kuku wanaodonoa, utasema tumerukwa na akili. Mara nyingine paji la mtu hubonyeza alama nyekundu na simu inakatika katikati ya baraka, na hapo lazima apige tena amalizie. Baba hakubali baraka nusu.

"Huyo askofu mwenzangu," aliniambia siku ile, "muulizie. Mtu hawezi kupaka rangi kosa kama hilo bila sababu."

Basi nikamuulizia. Pale kanisani kuna bibi mmoja wa Kiingereza, mwalimu mstaafu, anayejitolea kutembeza watalii. Kila saa ana biskuti mfukoni, na hachoki kusema. Nilipomwonyesha mkono ule wa kushoto, alifurahi utafikiri nimemletea zawadi, akasema habari hiyo haisimuliwi kwa kupita, lazima ianzie mwanzo. Akawa ananipa kipande kwa kipande wakati wa chai yangu, na mimi namrekodia baba kipande kwa kipande ninaporudi kwenye treni. Ndivyo maisha ya askofu wa Kiingereza yalivyosafiri mpaka kando ya ziwa letu.

Alikuwa mtoto wa mfuma sufu, kijijini. Padre wa huko aliona kichwa chake kina moto, akampeleka kusoma, akasoma mpaka akawa padre naye. Wakati huo, karibu miaka mia tano iliyopita, mfalme alitaka kumwacha mke wake aoe mwingine. Papa wa Roma akakataa. Mfalme akasema vizuri, kuanzia leo mkuu wa kanisa nchini humu ni mimi. Maaskofu na mapadre wakaletewa karatasi: tia sahihi kwamba mfalme ndiye mkuu. Wachache waliokataa walikatwa vichwa. Wengine wote walitia, na padre wetu akiwemo, tena bila kusumbuliwa sana, maana aliamini mfalme ana haki. Mfalme akampenda, akampa uaskofu.

Halafu mfalme akazifunga nyumba za watawa, akachukua ardhi, kengele, mpaka mabati ya madini ya risasi juu ya paa. Hapa Barking palikuwa na nyumba kubwa ya masista, yenye nguvu kuliko vijiji vyote vya jirani. Leo imebaki misingi ya mawe kwenye nyasi, watu wanapita katikati na mifuko ya sokoni, na binti yangu alijifunzia baiskeli juu yake. Nilimtumia baba picha ya yale mawe. Aliiangalia wiki nzima.

Askofu naye alikuwa na siri. Alikuwa ameoa. Mfalme yule, pamoja na kuoa kwake kote, hakutaka mapadre waoe, kwa hiyo mke alifichwa ndani, akipita mlango wa nyuma kama anayeuza mkaa. Mfalme alipokufa, mwanawe mdogo akatawazwa, mambo yakalegea, ibada ikaanza kusomwa kwa lugha ya watu. Askofu akamtoa mke wake nje mchana kweupe, akatembea naye mpaka kanisani. Bibi aliniambia hiyo ndiyo miaka aliyokuwa na raha. Kila Jumapili alisimama mlangoni kubariki watoto kwa mkono wa kulia, mmoja mmoja, hata wale wenye kamasi.

Ole, raha za watu wa aina hiyo hazidumu. Mfalme mdogo akafa, dada yake akashika nchi, na yeye alikuwa wa dini ile ya zamani, ya Papa. Kila kitu kikageuzwa. Maaskofu wenye wake walifukuzwa, mke wa askofu wetu akakimbilia ng'ambo, yeye akafungwa jela karibu na hapo hapo kanisani. Rafiki zake walichomwa moto Smithfield, hai, mbele ya watu, na moshi ukaingia dirishani kwake. Alikuwa mwoga. Bibi alilisema bila kumkejeli, alikuwa mwoga wa moto tangu utotoni, alishawahi kuanguka jikoni akaungua mguu. Wakamletea karatasi nyingine: ukikana yote uliyohubiri, utatoka.

Bibi alipofika hapo kengele ililia, watalii wakaingia, nami nikabaki na kikombe mkononi.

Sasa lazima niseme kilichokuwa kinatokea upande wa pili, maana wakati mimi nakusanya vipande vyangu kwa chai, mji wetu ulichukuliwa. Watu wenye bunduki waliingia asubuhi moja na kufikia jioni wao ndio walikuwa serikali. Kwenye simu hatuwataji. Tunawaita wageni. "Wageni wamefika," baba aliniambia, kwa sauti ya mtu anayezungumzia binamu zake, nikaelewa, nikaketi kwenye ngazi za stesheni ya Barbican watu wakinipita.

Woga wa mbali ni mbaya kuliko woga wa karibu. Wa karibu una mlango wa kufunga na kitanda cha kujificha chini yake. Mimi nilikuwa napiga deki London, na kila simu ikitetemeka mfukoni naliacha deki katikati. Zamani nikisikia Kiswahili ndani ya treni nilikuwa nageuka kusalimia, nauliza mtu ni wa wapi, tunajikuta tumepitisha kituo. Sasa nilikuwa navuta kofia chini na kutazama dirisha. Nilijuaje ndugu yake nani, na anamwambia nani? Hata kanisani kwetu, ambako ibada hurushwa moja kwa moja kwenye simu ili walio mbali waone, nilishindwa kuinuka kuomba maombi. Watu walisimama wakaomba kwa ajili ya viza na magoti, mimi nikakaa kimya, kwa sababu simu zile wageni nao wanazo.

Na baba yangu, Mungu amsamehe, alikuwa anahubiri. Mhubiri wa kwetu hali kitu peke yake. Akisikia habari leo, keshokutwa iko madhabahuni. Vipande vyote nilivyomtumia alivigeuza mahubiri, Jumapili baada ya Jumapili, na waumini walikuwa wanauliza njiani: askofu wa London amefikia wapi? Mimi sikujua. Nilidhani anajisikilizia mwenyewe jioni, mzee mpweke na simu yake. Kumbe alikuwa amefika kwa mfalme aliyechukua ardhi ya masista na mabati ya paa, na wageni wakati huo huo walikuwa wamechukua shule ya misheni na kung'oa mabati yake. Hakusema neno moja juu yao. Alisema mfalme wa Kiingereza tu. Lakini waumini walicheka, kile kicheko cha kufunga mdomo, mabega ndiyo yanacheza, na mahali kama pale kicheko cha namna hiyo kinafika mbali.

Wakaja nyumbani kwake. Walivua viatu mlangoni, wakaketi, wakanywa chai, wakamsifu kwa chai. Kisha wakaweka karatasi mezani. Inasema kanisa lake linashukuru utawala mpya, na kwamba yale mahubiri yalikuwa uongo wa watu wa ng'ambo, na yeye anautubia. Atie sahihi, aisome madhabahuni Jumapili inayokuja. Wakashukuru tena kwa chai, wakaondoka.

Kulikuwa na mchungaji wa mtaa wa pili aliyeletewa karatasi kama hiyo akakataa. Kesho yake viatu vyake vilikutwa mlangoni, vimepangwa vizuri, pea nzima, yeye hayupo. Mpaka leo hayupo.

Baba alinisimulia haya taratibu, na mimi badala ya kulia nilipandwa na hasira. Nilimfokea, mzee wa watu. Nilimuuliza nani alimtuma, nani kamwambia habari za chai na biskuti ni za kuhubiri, mdomo uliponza kichwa, hajui? Aliniacha nimalize. Halafu akaniambia ana swali moja tu. Yule askofu alipoletewa karatasi jela, alitia sahihi au hakutia?

Nilikuwa ninalo jibu, ila sikuwa nimemrekodia bado. Bibi alikuwa amenimalizia hadithi siku mbili nyuma, amesimama chini ya picha na biskuti yake mkononi. Alitia sahihi. Aliogopa moto, akatia, wakamfungulia mlango akarudi nyumbani kwake, nyumba tupu. Jumapili ya kwanza mama mmoja alimletea mtoto barazani ambariki kama zamani. Askofu akanyanyua mkono wa kulia, ukafika kifuani, akaushusha. Akasema mkono huu umeandika uongo, usiguse mtoto wa mtu. Akambariki kwa wa kushoto. Na kuanzia siku hiyo akawa anabariki kwa kushoto tu, wa kulia kaufungia ndani ya joho hata wakati wa kula. Watu wakaelewa maana yake, wakubwa nao wakaelewa. Wakarudi. Safari hii wakamtaka ayatamke yale maneno ya karatasi kwa mdomo wake, hadharani, mbele ya umati. Akapanda jukwaani akasema kinyume chake, kwa sauti. Walimchoma pale ambapo sasa malori ya nyama hugeuzia. Waliompenda ndio waliochora picha ile, baadaye, utawala ulipobadilika tena.

Hilo ndilo jibu kamili. Mimi nilimpa nusu.

"Alitia, baba," nikamwambia. "Akatoka jela akarudi kwake."

Akauliza na baadaye? Nikasema baadaye akakaa kwake. Akauliza habari za mkono. Nikasema bibi bado hajaniambia. Nilimdanganya baba yangu mzazi, askofu wa Mungu, na sioni haya. Mtoto akiona nyumba inaungua hamsomei aliye ndani historia ya moto. Nikamwambia heri nusu shari kuliko shari kamili, karatasi ni karatasi, Mungu anasoma moyo hasomi sahihi. Nilimrushia kila methali niliyonayo. Yeye akasema, "Nimesikia, mama." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Hakusema atafanya nini.

Wiki ile nilifanya kazi kama mgonjwa. Nilisahau ndoo katikati ya njia, bibi akajikwaa, nikaomba radhi mpaka akaniuliza kuna nini nyumbani. Nikasema hakuna. Nilipofika kwenye picha niliifuta bila kuitazama, nikajaribu kupita. Wapi. Macho yale yanasikiliza mlango. Nikamwambia kimoyomoyo, wewe ulishakufa, tuachie wetu.

Jumamosi nilikuwa jikoni nyumbani nakanda unga wa mandazi. Simu ilikuwa sebuleni kwa binti yangu. Huyu mtoto kazaliwa hapa, Kiswahili anakielewa chote, ukimsema vibaya anakasirika kwa wakati wake, lakini kujibu ni Kiingereza tu. Nimemwomba, nimemwahidi, nimemtisha, haisaidii. Babu yake anaongea, yeye anacheka na kutikisa kichwa, mimi natafsiri. Basi nikiwa na mikono kwenye unga nikasikia sauti ya binti yangu inazungumza Kiswahili. Kibovu, kinachechemea, lakini Kiswahili. Machozi yalinijia. Nilisimama kimya nisimshtue, nikatabasamu peke yangu na unga mpaka kwenye viwiko. Ndipo nikasikia anachosema.

"Babu, yeye alisema hapana. Halafu watu wale walichoma yeye."

Wakati wa likizo ya katikati ya muhula nilikuwa nimempeleka kazini, sina wa kumwachia, na bibi wa biskuti alikuwa amemsimulia yote, maana hata shuleni wanasoma habari za wafalme hao. Baba alikuwa amepiga simu, kamkuta mjukuu, kamuuliza tu: yule askofu wenu, mwisho wake ulikuwaje? Na mtoto akaona kwamba babu hajui Kiingereza na mama hayupo wa kutafsiri, na swali ni la maana, akajikaza. Siku nilizomwomba azungumze hakuzungumza. Akachagua siku hiyo.

Nilipofika sebuleni alikuwa anamwonyesha babu yake mkono kwenye kamera. "Hii ya kulia, alificha. Alitumia ya kushoto, kila siku." Alikuwa anajivunia. Nilimnyang'anya simu na unga wangu wote, kioo kikajaa unga, nikawa namwona baba kama yuko kwenye ukungu.

Sikujua nianzie wapi. Nikaanza kujitetea, nikaacha. Kisha niliomba. Sikumwomba kwa methali tena. Nilimwambia mama nilimzika, na kila aliyenijua nikiwa mtoto nimemzika au simjui aliko, na yeye ndiye mtu wa mwisho duniani anayekumbuka sauti niliyolia nayo nilipozaliwa. Nikasema viatu vyako nisiambiwe vimekutwa mlangoni, baba, hilo sitaliweza. Tia sahihi, soma, uishi. Binti yangu alikuwa ameshika nguo yangu kwa nyuma, ameacha kujivuna, akiuliza kwa Kiingereza kama amefanya kosa. Nikamwambia hapana.

 Nyuma ya baba nilisikia pikipiki ikipita barabarani, nikaona anageuza shingo kuisikiliza mpaka ikapotea, na ule uso alioufanya naujua, naufuta vumbi kila wiki. Kisha akatuambia tulale salama, ingawa ilikuwa mchana, na akakata bila kutubariki.

Jumapili nilikwenda kanisani nikaketi karibu na mlango. Waliimba, nikasimama walipoketi na kuketi waliposimama. Simu nilikuwa nimeikalia. Nilijua kwao ni saa ya mahubiri, nikahesabu zamu zake kichwani: sasa kwaya ya akina mama imemaliza, sasa anavaa miwani, sasa anashika kingo za mimbari. Mchungaji wetu hapa alihubiri juu ya kitu fulani, Mungu ananijua, sikusikia. Jirani yangu, dada mmoja wa Bukavu anayefanya kazi ya kutunza wazee, alinishika mkono bila kuuliza. 

Tulirudi nyumbani. Mume wangu alikuwa njiani na basi lake, akanipigia mara mbili kwenye kituo cha mwisho, nikamwambia bado. Chakula kilipoa. Binti yangu aliweka simu katikati ya meza, akaifuta kioo kwa ncha ya gauni lake, tukaketi kuitazama. Saa yake ya kawaida ikapita. Nilianza kuona viatu. Viatu vyake vya kahawia, nilivyomnunulia soko la Barking, vimepangwa mlangoni pa ile nyumba, pua zimeelekea ndani. Nilikuwa nimeshainuka kuondoa sahani, simu ikalia.

Alikuwa yeye. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake kile kile, na suti yake, na ukuta wa kijani nyuma.

"Umesoma?" nikauliza.

"Nimesoma, mama. Neno kwa neno."

Nilipiga kigelegele jirani akagonga ukuta. Nilicheza, nilimzungusha binti yangu, nilimshukuru Mungu na karatasi na kalamu, nikambusu mzee wa watu kwenye kioo. Yu hai. Nilimuuliza amekula, akasema amekula. Nilimuuliza kama wageni walikuwepo, akasema walikaa benchi la mbele na walimpa mkono mlangoni. Waumini je? Waumini walitoka kimya, akasema, hakuna aliyecheka. Mama mmoja alimletea mtoto mchanga baada ya ibada.

Alisema hivyo, akaachia hapo. Mimi nilikuwa na furaha mno, sikuuliza.

"Njooni niwabariki," akasema.

Tukavuta viti, tukaunganisha vichwa juu ya simu kama kawaida yetu. Nilikuwa nimeshafumba macho niliposikia binti yangu ananong'ona. Hakunong'ona kwa Kiingereza. "Mama," akasema, "ni ya kushoto."

Nilifumbua macho. Kiganja kilikuwa kimejaa kioo, na kidole gumba kilikuwa upande usio wake. Nyuma ya kiganja niliona bega la kulia la suti, na mkono wake umeingia ndani ya koti, vifungo vimefungwa juu yake.  Alikuwa ananisubiri niiname.

Mkono ule ulikuwa umesoma kitabu chote cha maisha ya askofu yule, na sisi ndio tuliomsomea, mimi nusu na binti yangu nusu. Nilijua walichofanya watu wa hapa walipoona mkono wa kushoto umenyanyuliwa. Nilijua kwamba mtoto mchanga wa asubuhi ile alibarikiwa mlangoni mbele ya wageni, kwa mkono huo huo, na kwamba wageni si wajinga.

Niliinama. Ningefanyaje? Nikaweka paji langu kwenye kiganja cha kushoto cha baba yangu, kioo kilikuwa na joto, na yeye akasema maneno yote ya baraka, taratibu, hakuruka hata moja.

"Wakirudi, mama," akasema alipomaliza, "usiniombe tena."

Nikamjibu ndiyo, baba. Nikasema amina. Wakirudi nitamwomba tena.